Manukato ya limau na maua: Ipe pua muda, uihoji na ngozi kabla ya kulipa

Na DAKTARI WETU

JE, umewahi kununua chupa ya manukato kwa sababu harufu yake ilikupendeza pale pale dukani, kisha ikifika saa sita mchana ukanusa mkono wako usipate chochote? Au ulijipulizia shingoni asubuhi, ukashinda juani, na baada ya siku chache ukaona michirizi myeusi ambayo sabuni haiwezi kuiondoa?

Jambo la kwanza ni hasara ya mfuko, na la pili ni hasara ya ngozi. Wengi hudhani mambo haya mawili hayahusiani. Ukweli ni kwamba yote mawili hutokana na mafuta yale yale ya maganda ya limau, chungwa na jamaa zao, ambayo huruka upesi hewani, huharibika upesi yakikaa, na baadhi yake hugombana na jua.

Wiki hii nataka tuzungumzie manukato ya aina hii, yaani yale yanayochanganya harufu ya matunda ya jamii ya mchungwa na harufu ya maua. Ndiyo yanayopendwa sana na watu wa mjini wanaokwenda kazini, kwa sababu ni mepesi na hayamkeri jirani kama udi au miski nzito. Kwa hivyo ni vyema msomaji ajue jinsi ya kuyapima, thamani yake ya kweli, na madhara ambayo sisi madaktari huyaona kliniki.

YALIKOTOKA

Hapa kwetu kuchanganya maua na harufu si jambo geni. Wanawake wa Lamu na Mombasa wamefunga vikuba vya asumini, rehani na mkadi tangu zamani, na wakajua kuyatumia maua ya kilua na marashi ya waridi kabla ya duka la kwanza la chupa za Ulaya kufunguliwa Nairobi.

Manukato ya limau na maua tunayoyaona madukani yana ukoo wake Ulaya. Mtaliano Johann Maria Farina aliyehamia mji wa Cologne, Ujerumani, ndiye aliyeyapa umaarufu mwanzoni mwa karne ya 18. Kampuni ya familia hiyo ilianzishwa mwaka wa 1709. Maji yake yenye harufu ya matunda hayo yaliitwa Eau de Cologne, maana yake maji ya Cologne, na hata leo neno "koloni" tunalolitumia latokana na mji huo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maji hayo yalitumiwa pia kama dawa. Watu waliyanywa, wakajisugua nayo na kuyanusa wakiamini yanaponya maradhi mengi. Mwaka wa 1810 Napoleon alitoa amri iliyowataka wauzaji wa dawa za siri wafichue vilivyomo. Watengenezaji wa koloni hawakutaka kutoa siri yao, na hivyo wakayauza kama manukato ya kujipaka tu. Basi usimsikilize mtu atakayekuambia leo kwamba manukato ni ya kunywa au kusukutua.

NDANI YA CHUPA MNA NINI?

Sehemu kubwa ya chupa ni alkoholi aina ya ethanoli pamoja na maji kidogo. Harufu yenyewe ni sehemu ndogo iliyoyeyushwa humo.

Katika manukato haya, harufu ya matunda mara nyingi hutokana na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi katika mkoa wa Calabria, kusini mwa Italia. Mafuta yake hukamuliwa kutoka kwa maganda bila kutumia moto. Limau, ndimu, chenza, balungi na chungwa la kawaida hutumiwa pia.

Harufu ya maua mara nyingi hutoka kwa maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu ambao watu wa pwani wanaujua vizuri. Maua hayo yakipikwa kwa mvuke hutoa mafuta yaitwayo neroli. Jina hilo lilitokana na mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme, bibi wa mji wa Nerola nchini Italia, aliyeyapenda mno katika karne ya 17. Maua huchumwa kwa mkono, hasa katika nchi za Tunisia na Morocco, na huhitajika takriban tani nzima ya maua kupata kilo moja ya mafuta. Majani na vijiti vya mti huo huo hutoa mafuta mengine ya bei nafuu yaitwayo petitgrain. Asumini nayo hutoka zaidi Misri na India.

Ukizitafakari takwimu hizo utaona jambo moja waziwazi. Chupa inayouzwa kwa bei ya soda mbili haiwezi kuwa na neroli ya kweli. Ndani yake mna harufu iliyoundwa maabarani. Hilo peke yake si kosa, kwani manukato mengi ya bei ghali nayo yana viungo vya maabara, na kiungo cha maabara kinaweza kuwa salama kuliko cha shambani. Kosa ni kulipa bei ya ua na kuuziwa maabara.

PUA HUCHOKA

Tuanze na pua. Juu kabisa ndani ya pua kuna sehemu ndogo yenye chembechembe za kunusa. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi vya harufu. Wanasayansi wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2004 kwa kueleza jinsi vipokezi hivyo vinavyofanya kazi.

Vipokezi hivi vikipata harufu moja kwa muda, huacha kuitangaza. Ndiyo sababu husikii harufu ya nyumba yako mwenyewe, lakini mgeni huisikia akiingia mlangoni. Kwa sababu hii, mtu anayenusa chupa kumi dukani kwa dakika tano hajui tena anachonusa. Nusa mbili au tatu tu kwa siku.

Maduka mengine huweka bakuli la kahawa ili wateja "wasafishe pua". Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka wa 2011 waligundua kwamba kahawa haikusaidia kuliko hewa ya kawaida. Toka nje upate hewa, au nusa mkono wa shati lako usiokuwa na manukato. Inatosha.

NUSA MARA TATU

Manukato haya hayana harufu moja bali yana harufu tatu zinazofuatana, na kila moja ina wakati wake.

Ya kwanza ni ya matunda. Chembe zake ni nyepesi, hivyo hutangulia kufika puani na hutangulia kutoweka. Kwa kawaida huwa imepungua sana baada ya dakika 15 hadi 30. Ikiwa imetengenezwa vizuri, utasikia kama umekwaruza ganda la limau kwa ukucha: ukali, uchungu kidogo, na ubichi wa jani. Ikiwa ni duni, itakukumbusha peremende au sabuni ya kusafishia sakafu. Si ajabu, kwa kuwa viwanda vya sabuni hutumia viungo hivyo hivyo vya bei nafuu.

Ya pili ni ya maua. Hii huanza kujitokeza wakati matunda yanaondoka, na inaweza kukaa saa kadhaa. Hapa ndipo ubora hujulikana. Maua ya mdanzi yana utamu lakini pia yana uchungu wa kijani. Asumini ya kweli ina uzito fulani ambao mtu akiusikia peke yake angeuona kama uchafu. Sababu ni kiungo kiitwacho indoli, ambacho kipo pia katika choo cha binadamu. Kikiwa kingi hunuka, kikiwa kidogo sana hulipa ua uhai wake. Manukato yaliyo matamu tu kama sukari, bila kivuli chochote, kwa kawaida ni ya kazi nyepesi.

Ya tatu ni ya msingi: mbao, miski, ambari au utomvu. Hii ndiyo inayobaki kwenye nguo hadi jioni.

Kwa hivyo usimwachie muuzaji aamue kwa karatasi anayokupungia usoni. Karatasi haina joto wala jasho. Mwombe apulize mara moja tu kwenye kifundo cha mkono wako, usisugue, kisha uondoke. Nusa baada ya dakika tano, baada ya nusu saa, na tena baada ya saa nne. Nenda kwa shughuli zako, panda matatu, rudi ofisini. Ikiwa saa kumi jioni bado unaipenda harufu iliyobaki, rudi siku nyingine ununue. Ikiwa unaipenda ya dakika ya kwanza pekee, utakuwa umenunua dakika kumi na tano.

THAMANI KWA HESABU

Maandishi kwenye kisanduku yana maana. Kwa kawaida Eau de Cologne huwa na asilimia 2 hadi 5 ya viungo vya harufu, Eau de Toilette asilimia 5 hadi 15, Eau de Parfum asilimia 15 hadi 20, na Parfum yenyewe huweza kupita hapo. Viwango hivi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini mpangilio ni huo.

Tuchukue mfano. Tuseme chupa ya koloni ya mililita 100 inauzwa kwa Sh2,000, na chupa ya Eau de Parfum ya mililita 50 inauzwa kwa Sh3,000. Wengi watasema ya kwanza ni rahisi. Hebu tuhesabu. Ikiwa koloni ina asilimia 4, umenunua mililita 4 za harufu, yaani Sh500 kwa kila mililita. Ikiwa ile nyingine ina asilimia 18, umenunua mililita 9, takriban Sh333 kwa kila mililita.

Tena angalia matumizi. Mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita. Anayejipulizia koloni mara sita asubuhi na mara sita mchana kwa kuwa imeisha harufu, humaliza chupa kwa siku 83. Hiyo ni Sh24 kwa siku. Anayetumia mipulizo mitatu ya Eau de Parfum hukaa nayo siku 166, yaani Sh18 kwa siku.

Hata hivyo, asilimia haielezi ubora. Mafuta mengi ya harufu duni yatabaki duni. Ndiyo maana nimeanza na pua kabla ya hesabu.

Kumbuka pia kwamba hali ya hewa hubadilisha mambo. Katika joto la Mombasa manukato huruka haraka na husikika mbali. Katika baridi ya Limuru au Eldoret hukaa karibu na mwili. Ngozi kavu haishiki harufu. Jipake kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kisha upulize juu yake. Utaongeza saa bila kuongeza shilingi.

JUA NA MICHIRIZI SHINGONI

Sasa tuje kwenye ngozi. Mafuta ya maganda ya bergamoti na ndimu yana kemikali ziitwazo psoraleni, na mojawapo inaitwa bergapteni. Kemikali hizi zikiwa juu ya ngozi na mtu akatoka juani, miale ya jua huziamsha nazo huichoma ngozi. Baada ya siku moja au mbili ngozi huweza kuwasha na kuwa nyekundu au kutoa malengelenge. Baadaye hubaki doa jeusi lenye umbo la pale manukato yalipotiririka.

Daktari wa ngozi aitwaye Freund aliueleza ugonjwa huu kwa waliotumia koloni mwaka wa 1916, na mwaka wa 1925 mwenzake Rosenthal akaulinganisha na kidani kinachoning'inia shingoni. Hadi leo jina lake la kitabibu lina maana hiyo hiyo ya kidani.

Ukitaka mfano wa karibu, mtazame mtu aliyekamua ndimu ufuoni kutengeneza kinywaji kisha akaota jua. Mikono yake huweza kupata madoa ya aina hiyo hiyo.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mara nyingi wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri. Mgonjwa hugutuka doa likiwa tayari limetokea, na linaweza kudumu miezi mingi. Hapo ndipo hatari ya pili huingia. Badala ya kuacha manukato, wengine hukimbilia krimu za kujichubua zinazouzwa vibandani, nyingine zikiwa na zebaki au dawa kali za steroidi. Doa dogo la shingo huishia kuwa uso ulioharibika, na zebaki ikiingia mwilini huweza kudhuru figo. Doa la manukato litafifia lenyewe ukiacha kinacholileta na kuikinga sehemu hiyo na jua. Lipe muda.

Kampuni zinazofuata kanuni sasa hutumia bergamoti iliyotolewa bergapteni, na shirika la kimataifa la watengenezaji manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka wa 1973, limeweka kikomo cha mafuta yasiyosafishwa katika vitu vinavyobaki kwenye ngozi. Lakini manukato yanayochanganywa nyumbani au kupimiwa kichochoroni hayana wa kuyakagua. Vilevile "mafuta halisi ya limau" ambayo watu hununua na kujipaka bila kuyapunguza huweza kuwa na kemikali hizo. Neno "asili" si cheti cha usalama. Ndimu ni ya asili na inachoma.

CHUPA KUUKUU NA MZIO

Adui wa pili ni mzio, ambao wengi huuita aleji. Huu hauhitaji jua.

Soma maandishi ya kisanduku na mara nyingi utaona majina Limonene na Linalool. La kwanza hutoka zaidi kwa maganda ya matunda haya, la pili kwa maua na pia bergamoti. Yakiwa mapya hayana ubaya mkubwa. Yakikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika, na kile yanachobadilika kuwa ndicho huichokoza kinga ya mwili. Hapa ndipo pua na ngozi hukubaliana: manukato yaliyoharibika hunuka kama tapentaini ya mafundi rangi, rangi yake hugeuka kuwa ya kahawia, na uwezekano wa kuleta mzio huongezeka.

Kwa hivyo ile chupa uliyoachiwa na shangazi miaka kumi iliyopita, iliyobaki robo na kukaa dirishani, si urithi wa kujipaka. Hifadhi manukato mahali penye giza na ubaridi, ndani ya kisanduku chake, kifuniko kikiwa kimefungwa. Usiyaweke bafuni wala ndani ya gari. Nunua chupa ndogo utakayoimaliza.

Mzio una tabia ya kushangaza. Mtu anaweza kutumia manukato yale yale miaka mitano bila shida, kisha siku moja mwili ukayakataa. Ukishayakataa, kwa kawaida hautayakubali tena. Dalili ni mwasho, vipele na ngozi kukauka au kupasuka shingoni, kwapani, nyuma ya masikio au usoni. Mara nyingine kope huvimba kwa sababu mikono iliyoshika manukato iligusa macho. Mgonjwa husema, "Daktari, haiwezi kuwa manukato, nimeyatumia miaka mingi." Inaweza.

Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka wa 2003 kwamba viungo 26 vinavyojulikana kuleta mzio viandikwe kwenye bidhaa, na mwaka wa 2023 ukapanua orodha hiyo hadi zaidi ya 80. Kiungo kimoja cha harufu ya maua, Lilial, kilipigwa marufuku huko tangu Machi 2022 kwa hofu kwamba huathiri uzazi. Ikiwa chupa yako kuukuu ina jina hilo, ama Butylphenyl Methylpropional, ni vyema kuiacha.

Ili kujipima kabla ya kununua chupa kubwa, tafuta kiasi kidogo. Paka tone moja ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa siku saba, mahali pasipopigwa na jua. Ukiona mwasho au vipele, acha, osha, na usijaribu tena. Ikiwa vipele havikomi, mwone daktari. Usijitibu kwa krimu ya jirani.

KIFUA CHA JIRANI

Manukato huingia pia mapafuni, na si yako peke yako. Kwa mtu mwenye pumu, harufu kali huweza kuanzisha mshtuko wa kifua. Kwa mwenye kipandauso, huweza kuamsha maumivu ya kichwa. Mama mjamzito katika miezi ya kwanza huweza kutapika.

Fikiria matatu ya watu 14, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na abiria mmoja aliyejimwagia nusu chupa. Mwenye pumu hana pa kukimbilia. Kipimo kizuri ni hiki: anayekukaribia kukusalimu kwa mkono asikie harufu yako, lakini aliye mlangoni asiisikie. Mipulizo miwili au mitatu yatosha. Usijipulizie ndani ya gari, ndani ya wodi ya hospitali, wala karibu na mtoto mchanga. Mtoto mchanga hahitaji manukato.

YA BANDIA

Bunge lilipitisha Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi mwaka wa 2008, lakini manukato bandia yangali yanauzwa. Kagua. Maandishi yasiwe na makosa ya tahajia. Nambari ya utengenezaji kwenye kisanduku ilingane na ile ya chini ya chupa. Kifuniko kikae sawasawa, kioo kisiwe na mapovu, na mpulizo utoke kama ukungu badala ya matone. Bei ikiwa sehemu ndogo sana ya bei ya duka linalojulikana, jiulize ni nani aliyelipa tofauti hiyo.

Hatari kubwa ya bidhaa isiyo na mwenyewe ni kwamba hujui alkoholi iliyomo ni ipi. Methanoli ni rahisi kupatikana na hainuki tofauti sana na ethanoli, lakini ni sumu inayopofusha na kuua. Wakenya wanaijua. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki baada ya kunywa pombe yenye methanoli katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, na Mei 2014 mkasa kama huo ukatokea katika kaunti kadhaa. Methanoli hupenya pia kwenye ngozi na kuvutwa kwa hewa. Yeyote aliyekunywa manukato, awe mzee au kijana, apelekwe hospitali bila kungoja macho yafifie, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi.

Hata manukato halali ni hatari kwa mtoto akiyanywa. Ethanoli hushusha sukari ya damu ya mtoto upesi na anaweza kupoteza fahamu. Usimtapishe. Mkimbize hospitali na ubebe chupa. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Na kwa kuwa alkoholi hushika moto, usijipulizie karibu na jiko au mshumaa.

PUA IKIKATAA KAZI

Mwisho, kuna wasomaji ambao huongeza mipulizo kila mwezi na kulalamika kwamba "siku hizi wanatia maji". Huenda manukato ni mazima na pua ndiyo imepungua. Mafua, matatizo ya sainasi, sigara, ajali ya kichwa na umri hupunguza uwezo wa kunusa. Tangu mwaka wa 2020 tumeona pia wengi waliopoteza harufu kwa sababu ya Covid-19, wengine wakibaki na pua inayoligeuza ua kuwa kitu kilichoungua.

Jipime nyumbani. Funga macho, umwombe mtu akupe ganda la chungwa, sabuni na kahawa, kimoja kimoja. Ukishindwa kuvitambua kwa wiki kadhaa bila kuwa na mafua, mwone daktari. Kwa baadhi ya watu, kupungua kwa harufu huja miaka kadhaa kabla ya ugonjwa wa Parkinson. Isitoshe, asiyesikia harufu hatasikia gesi inayovuja wala chakula kinachoungua.

Kuna zoezi ambalo limewasaidia baadhi ya wagonjwa. Hunusa harufu nne, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila moja kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Halina gharama kubwa na halina madhara.

Basi ukienda dukani mwisho wa mwezi, kumbuka haya machache:

• Nusa aina mbili au tatu tu, kwenye ngozi, na usinunue siku hiyo hiyo.

• Amua kwa harufu ya saa nne baadaye.

• Hesabu bei kwa siku za matumizi, si kwa ukubwa wa chupa.

• Ukitoka juani, puliza kwenye nguo badala ya shingo na kifua. Jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, kwa sababu baadhi huacha madoa.

• Tupa yaliyogeuka rangi au kunuka tapentaini.

• Doa likitokea, acha manukato, jikinge na jua, na usiguse krimu ya kujichubua.

• Weka chupa juu, mbali na mkono wa mtoto.